Bakili na Viatu vya Kulalia

Nilipovuka mataa ya Msimbazi nikiwa bado naifuata barabara ya Uhuru, soli ya kiatu changu cha kulia ilikuwa imebaki kushikwa na kisigino peke yake. Ilianza kuachia melini, siku ya pili tangu tutoke Moroni, na sasa kila hatua ilipiga kofi kwenye lami. Nilikuwa nainua goti juu kama mtu anayepita matopeni, na wasukuma mikokoteni walinipisha wakicheka.

Dar nilishapita mara nyingi, kila mara nikiishia Mchafukoge, kwenye nyumba ya wageni ya Bi Azza, siku mbili au tatu kabla ya kuendelea na safari. Nilijidanganya kwamba naujua mji. Asubuhi hiyo Bi Azza alikitazama kiatu changu akasema, "Ukikipeleka dukani hapa watakuuzia kipya. Nenda Mchikichini, umuulize Bakili." Mchikichini sikuwahi kufika. Ng'ambo ya Kariakoo, baada ya maduka ya vitambaa na ya vyombo, niliingia chini ya mabati na maturubai, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani bila kugeuza mabega. Mabelo ya nguo yalikuwa yanafunguliwa, wauzaji wamesimama juu ya meza wanapiga kelele, na harufu ya nguo za zamani ilikuwa nzito kama mvuke. Upande wa viatu kulikuwa na vilima: vingine vimefungwa jozi kwa kamba zake, vingine kimoja kimoja, mwenzake bado anatafutwa chini ya belo.

"Bakili yupi?" mwanamume mmoja aliyeuza viatu vya kike akaniuliza. Baadaye nilijua anaitwa Nassibu. "Wa miguu? Huyo hapo chini ya turubai la bluu. Fundi! Mteja! Mkamate mguu kabla hajakimbia."

Bakili alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mabega mapana, amekaa kwenye kigoda na gunia limefunika mapaja hadi chini. Alikichukua kiatu, akakinusa, akakikunja.

"Karibu. Vua na cha pili."

"Cha pili ni kizima."

"Kwangu hakirudi kiatu kimoja. Vinarudi viwili."

Alipaka gundi, akangoja, akagonga. Kisha akatoa ubao wa mninga uliopigiliwa kipande cha chuma kilichonyooka kwa upande mmoja. Alivisimamisha viatu vyangu juu yake, vidole vikigusa chuma, akainama nyuma ya visigino na kufumba jicho moja. Cha kulia kilielekea nje kidogo, kiasi ambacho mimi nisingekiona kamwe. Alikirudisha, akakikanda, akakigonga tena, akakipanga tena.

"Mteja akivaa, vyote viangalie mbele," alisema. "Kazi yenyewe ni hiyo tu. Gundi kila mtu anayo."

"Mbona miguu yako inaangaliana kama majirani wanaosengenya?" Nassibu akarusha kutoka kwenye meza yake.

"Inaelewana kuliko wewe na mkeo," Bakili akajibu bila kuinua kichwa, na uchochoro mzima ukacheka.

Aliposimama kufuata msumari ndipo nikaona. Miguu yake yote miwili ilikuwa imejikunja kwa ndani na chini, visigino vimevutwa juu, nyayo zikitazamana. Alikuwa akikanyagia upande wa juu wa mguu, pale ambapo sisi wengine tunafungia kamba. Viatu vyake alivitengeneza mwenyewe, kwa raba ya tairi na ngozi ya mtumba, soli ikiwa mahali ambapo kiatu cha mtu mwingine kina ubavu. Watu wenye miguu ya namna hiyo nimewaona katika miji mingi, na karibu kila lugha ninayoielewa ina neno la kuwaita, na maneno hayo karibu yote ni ya kejeli. Neno la hospitalini huku ni mguu kifundo.

Juu ya kichwa chake, kwenye msumari wa nguzo, vilining'inia viatu viwili vidogo vya buti, ngozi ya kahawia laini, vimefungwa kwa skrubu kwenye kipande cha aluminiamu chenye urefu wa shubiri moja, kimoja huku na kingine kule, vyote vikitazama mbele kama askari wawili wa gwaride.

"Hivyo ni vya mwanasesere?"

"Vya binti yangu Amira," alisema. Uso wake ulibadilika, nikaona jinsi alivyokuwa akingoja mtu aulize. "Vya kulalia. Nimevileta kubadili mkanda. Amira alizaliwa na miguu hii hii yangu. Lakini yeye hatatembea hivi. Mungu akipenda, huyo atakimbia."

Kesho yake nilirudi, ingawa viatu vyangu havikuwa na shida tena. Siku iliyofuata nilirudi tena, na basi langu la Songea nikaliacha liende.

Bakili alizaliwa kijiji kimoja cha Tunduru. Bibi yake alisema kosa ni la baba, aliyeendelea kutega mitego mimba ikiwa changa, na kila fundo alilofunga porini lilimfunga mtoto tumboni. Baba akaenda akafungua mitego yote, akaitupa mtoni. Miguu haikufunguka. Wakamkanda kwa majani ya moto. Wakamfunga vijiti kwa magome ya mti, wakakaza hadi ngozi ikaoza. Alama yake bado iko juu ya kifundo cha kushoto, inang'aa kama nta. Shule aliifuata hadi darasa la nne. Kilichomtoa hakikuwa umbali. Kulikuwa na wenzake waliomfuata nyuma njia nzima wakitembea kama yeye, wakiwa kimya, bila hata kucheka, ili akigeuka awakute wamesimama wima. Alikuja Dar akiwa na miaka kumi na tisa, akajifunza kushona viatu kwa sababu ni kazi ambayo mwanamume anaifanya amekaa na hakuna anayemuuliza kwa nini amekaa.

Alimwoa Shukuru, mwanamke wa Lindi aliyekuwa akipika chapati na chai kwa wafungua mabelo. Amira alipozaliwa, muuguzi alimfunua miguu, akamtazama baba, akasema, "Baba, usihuzunike. Siku hizi hii inatibika."

"Nilidhani ananitania," Bakili aliniambia. "Nilitaka kumtukana."

Kila Jumanne alimbeba mtoto kliniki, kwa kuwa asubuhi Shukuru alikuwa kwenye moto wa chapati. Kwenye benchi alikuwa mwanamume peke yake. Akina mama wakienda msalani walimwachia watoto wao. Ndani, Dada Nice, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliushika mguu na kuugeuza nje kidogo sana, taratibu, akaufunga hogo, ile plasta nyeupe, kuanzia vidoleni hadi pajani. Jumanne iliyofuata hogo lilifunguliwa, mguu ukageuzwa kidogo tena, likafungwa jipya. Mara sita. Halafu kano ya nyuma ya kisigino ikakatwa kwa kisu chembamba kama sindano, damu ikatoka tone moja, na hogo la mwisho likakaa wiki tatu.

"Siku ya kulifungua," alisema, akaweka viganja vyake viwili juu ya ubao wa mninga, "nyayo zikakaa hivi. Chini. Zote mbili. Nikaziangalia mpaka Dada Nice akaniambia mvalishe soksi, mtoto anasikia baridi."

Wakapewa viatu vya kulalia. Miezi mitatu ya kwanza vilivaliwa mchana na usiku, vikavuliwa kwa saa moja tu ya kuoga kila siku. Baada ya hapo ni wakati wa usingizi, mpaka afike miaka minne. Mguu uliozaliwa umekunjika unataka kurudi, ndivyo walivyoambiwa, na viatu ndivyo vinavyouzuia. Yote hayo Bakili aliyafuata. Lakini Amira alipokaribia mwaka, vile viatu vilimbana, na saizi iliyofuata kliniki ilikuwa imekwisha. Waliambiwa warudi baada ya wiki mbili.

Angekuwa mpiga rangi au dereva, angengoja. Yeye alikuwa fundi viatu wa Mchikichini. Alivizia belo la viatu vya watoto, akachagua jozi ngumu ya kisigino, akaikata, akaitandika sponji ndani, akaifunga kwenye kile kile kipande cha aluminiamu. Akaipanga kwenye ubao wake, vidole kwenye chuma, akafumba jicho moja. Vikawa vizuri kuliko vya kliniki. Hilo kila mtu alilisema, na mimi nililiona kwa macho yangu. Tarehe ya kliniki ilipofika hakwenda, wala iliyofuata. Wakati nakutana naye ilikuwa imepita miezi minne. Na akina mama wawili wa kwenye benchi, Paskalina wa Buguruni na Victoria aliyekuwa amepanga Ilala, watoto wao walipobanwa na viatu, walimfuata. Akawatengenezea. Hakukubali hata soda.

Nilichopenda zaidi kwake ni jinsi alivyosoma soli. Mtu akimpa kiatu, alikipindua kwanza. "Wewe unabeba mzigo bega la kushoto." "Dada, goti la kulia linakusumbua, siyo?" Walishangaa, na Nassibu akawatangazia kwamba fundi anapiga ramli. Kwa hiyo, wiki yangu ya pili pale, nilipomkuta ameinamia kandambili ndogo ya mtoto, akibandika raba nyembamba ukingo wa nje ambako soli ilikuwa imelika hadi kuisha, nilitegemea anisomee na hiyo.

"Ya Amira?"

"Watoto hukanyaga ovyo," alisema, akaisukuma chini ya gunia.

Siku mbili baadaye Shukuru alikuja sokoni saa tano, wakati ambao huwa anaosha vyombo. Alikuwa mwanamke mfupi, kanga imekazwa kiunoni, mtoto ubavuni. Hakumsalimia mtu.

"Baba Amira, mwangalie mwanao."

"Shukuru, mbele ya wateja..."

"Mwangalie nimesema."

Alimsimamisha Amira juu ya ubao wa mninga. Mtoto alishika kidole cha mama yake, akatabasamu kwa kuona watu wengi. Visigino vyake havikugusa ubao. Vidole vilikuwa vimeanza kutazamana. Nassibu aliyekuwa katikati ya kupiga mnada viatu vya harusi alinyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilisikia feni ya duka la tatu ikizunguka.

"Kesho Jumanne," Shukuru alisema. "Nakwenda kliniki. Ukija, njoo. Usipokuja, nakwenda."

"Nitakuja."

Alipoondoka, Bakili aliniomba niende nao. "Wewe umezoea kusema na watu wa ofisini," alisema. Sikuona sababu ya kumwambia kwamba watu wa ofisini wananitisha kama wanavyomtisha yeye.

Dada Nice alikuwa mwembamba, mikono mirefu, sauti ya mtu aliyechoka kupayuka zamani. Alimkumbuka Amira kwa jina. Alimlaza, akaushika mguu wa kulia, akaugeuza nje. Mguu ulikwenda nusu ya njia, ukagoma. Akashika wa kushoto. Kisha akaomba viatu vya kulalia, Bakili akavitoa kwenye mfuko wa kitambaa, akavifuta kwa kiganja kabla ya kumpa.

Aliviinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani amevigeuza?"

"Kugeuza vipi?" Bakili akauliza.

"Vile nilivyowapa, kwenye chuma hiki hiki, vilikuwa vinaangalia nje. Vyote viwili. Nilivifunga mimi mwenyewe."

"Vilikuwa vimekaa upande, dada. Nilidhani siku ile mlikuwa na haraka. Nilipofunga hivi nilivyotengeneza, nikavinyoosha."

Dada Nice alivua saa yake ya mkononi, akaizungusha mishale, akaiweka mbele yake. "Tazama. Saa nne na dakika kumi. Mshale huu mguu huu, mshale ule mguu ule. Ndivyo vinavyotakiwa kukaa. Siyo kwa ajili ya kupendeza, mzee wangu. Mguu wa mtoto huyu unataka kwenda ndani, kwa hiyo tunaulaza ukiwa nje, usiku mzima, kila usiku. Ukiulaza ukiangalia mbele, hujauzuia. Umeuachia mlango."

"Lakini mbele ndiko..." Bakili aliinua mikono miwili, sambamba, vidole mbele, kama anavipanga viatu kwenye ubao. Mikono ilibaki hewani muda mrefu.

"Ungekuja tarehe yako ningeviona," Dada Nice alisema. "Ningevirudisha kwa bisibisi, dakika mbili."

Shukuru hakulia. Aliuliza, "Itanyooka tena?"

"Tutaanza hogo upya leo. Lakini mama, siyo kama mwanzo. Alipozaliwa mifupa ilikuwa laini, inakubali. Sasa amekaza. Hogo nne, tano, labda zaidi. Kano huenda ikakatwa tena. Na akifika miaka mitatu au minne, mguu ukiendelea kuvuta ndani, utahitajika upasuaji wa kuhamisha kano. Siwezi kukuahidi."

"Mwezi wa pili nilikuambia twende," Shukuru alimwambia mumewe. Hakuinua sauti. "Mwezi wa tatu nikakuambia. Ukasema fundi ni wewe."

Bakili alikuwa anaangalia sakafu. Aliposema, alisema na Dada Nice.

"Dada, kuna wengine wawili."

"Wengine gani?"

"Watoto. Nimewatengenezea vya aina hii. Wa Paskalina, na wa Victoria."

Dada Nice alikuwa ameshika bandeji iliyolowa. Aliirudisha kwenye beseni, akakaa.

Nje, tukingoja hogo likauke, Bakili alinifuata ukutani. Aliniuliza kama ni kweli mimba na mitego havihusiani. Alishamuuliza Dada Nice zamani, akaambiwa sababu haijulikani sawasawa, ila si kosa la mama wala la baba, ingawa huweza kufuata ukoo. Alitaka kusikia na kwa mwingine. Nikamwambia ni kweli. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi ya kwanza haikuwa kosa langu," alisema. "Ya pili ni yangu." Baadaye kidogo, bila kunitazama: "Ile kandambili niliisoma, mgeni. Wiki ya nne hiyo naisoma. Mteja angeniletea soli kama ile ningemwambia mtu huyu miguu yake inaingia ndani, mpeleke hospitali. Nikabandika raba."

Kisha tukarudi ndani kumchukua Amira.

Namba ya Paskalina ilikuwa kwenye daftari la kliniki. Alimpeleka mwanawe kesho yake, na alipotoka huko alikuja moja kwa moja Mchikichini, mtoto mgongoni, hogo mbili nyeupe zikichomoza kila upande wa kiuno chake. Mguu mmoja wa mtoto, tuliambiwa, ulikuwa umeanza kurudi ndani, mwingine bado.

"Simama," alimwambia Bakili.

Bakili akasimama.

"Unajua kwa nini nilikuja kwako? Watu wananiuliza, mama Bryson, ulimwaminije fundi viatu? Nikawaambia nilimwamini kwa ajili ya miguu yake. Nilisema huyu hawezi kumkosea mtoto wangu, huyu anajua. Nilikuamini kwa ajili ya miguu yako!"

Nassibu aliteremka kwenye meza. "Mama, polepole basi, fundi hakukusudia..."

"Na wewe nyamaza, muuza visigino!"

Siku nyingine watu wangecheka. Siku hiyo Nassibu alirudi kwenye meza yake. Bakili alisema, "Ni kweli, mama Bryson," na akabaki amesimama hadi mwanamke yule alipotokomea kwenye vilima vya viatu, na hata baada ya hapo.

Namba ya Victoria haikupatikana. Bakili aliipiga asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu. Pale alipokuwa amepanga Ilala, mwenye nyumba alisema mama huyo aliachwa na mume, akafunga mizigo, akarudi kwa mama yake Nachingwea. Nachingwea wapi? Mwenye nyumba hakujua. Ila alimsikia akisema nyumba ya mama yake inatazamana na mashine ya kukoboa mpunga. Mtoto wake, Hamis, alikuwa na miezi minane Bakili alipompimia viatu. Sasa alikuwa na kumi na moja.

"Kila usiku anavaa," Bakili alisema. "Victoria ni mwangalifu. Havivui hata siku moja. Aliniambia mwenyewe, fundi, hata akilia sivui."

Angekuwa mzembe, kungekuwa na nafuu.

Dada Nice alimwandikia barua ya kumpa Victoria, aipeleke hospitali yoyote kubwa ya kusini inayotibu miguu hiyo, na alipomkabidhi alimrudia mara mbili: akimpata, amvue mtoto vile viatu hapo hapo, na asijaribu kuvigeuza mwenyewe. Mtoto apimwe kwanza. "Usiguse skrubu," alisema. "Unanielewa? Hata kama unajua." Bakili akaitikia kama mwanafunzi.

Hogo la pili la Amira lilikuwa Jumanne iliyofuata. Bakili alirudi nyumbani kumwambia Shukuru kwamba angengoja, ampeleke mtoto kwanza, kisha asafiri. Alinisimulia alivyojibiwa. Shukuru alikuwa anasukuma chapati. Alisema, "Nitampeleka mwenyewe. Yule wa Nachingwea hana anayejua. Nenda." Akaendelea kusukuma. Bakili alingoja pengine aongeze neno, hata la matusi. Mtoto alikuwa amelala mkekani, miguu mizito imenyooshwa mbele, akigonga hogo moja kwa jingine ili asikie mlio wake.

Aliondoka siku ya Jumatatu alasiri. Basi la kusini lilikuwa la alfajiri kutoka Mbagala, na alikuwa na binamu huko wa kumlaza. Asubuhi alifanya kazi kama kawaida. Hakutaka kuacha viatu vya watu vimefungiwa, kwa hiyo aliniomba nikae kwenye kigoda chake hadi saa kumi na moja, nimpe kila mwenyewe jozi yake. Alizifunga kwa kamba na kuzibandika majina.

"Asiyekuja mpe Nassibu."

"Na wewe unarudi lini?"

"Nachingwea ina mashine ngapi?" aliniuliza. Alikuwa anauliza kweli.

"Sijui."

"Basi na mimi sijui."

Nassibu alishuka tena mezani. Alikuwa na ndoo ya maji ya kunywa na kikombe. Alimpa, Bakili akanywa amesimama. "Fundi," Nassibu alisema, "yule mama akikuonyesha mashine, wewe usimfundishe kukoboa." Lilikuwa jaribio la mzaha, na Bakili alimlipa tabasamu dogo kwa jitihada hiyo. Nikamwambia angepanda bodaboda hadi barabarani. Akasema vichochoroni hazipiti, na barabarani atapanda.

Alivaa mfuko begani, barua ikiwa kwenye mfuko wa shati, imefungwa ndani ya nailoni. Akaingia kwenye uchochoro. Wauzaji walivuta miguu na mabelo yao kumpisha, wengine wakimtakia safari, wengine wakiangalia pembeni, kwa kuwa habari ya Paskalina ilishafika kila meza. Alitembea kwa mwendo wake, mguu mmoja ukiinuliwa juu ya mwingine, bega likizama na kuibuka. Ilimchukua muda mrefu kufika mwisho. Mahali fulani alisimama, akashika nguzo, akahamisha mfuko bega la pili. Halafu akapinda kuelekea Uhuru, nisimwone tena.

Mwanamke alikuwa ameshakaa mbele yangu kwenye kiti cha wateja. Alitaja jina lake, nikaanza kulitafuta kwenye zile jozi.